Jina Tuliloliacha Mbekenyera

Majina ya watu hayanishindi. Waulize wa Mtua. Kukiwa na hitima, mwalimu akiuliza tunawarehemu akina nani, wote wanageuka kunitazama, nami nawataja wafu wa nyumba ile mmoja mmoja, na watoto waliokufa kabla ya kutambaa, na yule mume wa kwanza ambaye mjane asingependa atajwe mbele ya mume wa pili. Shule niliyoipata ni ya ngumbaru, jioni, mikono bado ina udongo wa shamba, na mpaka leo kalamu inanichosha vidole kuliko jembe. Lakini jina likiingia kwangu halitoki.

Humu sitamtaja mtu. Walio hai majina ni mali yao. Wafu wanatajwa kwenye dua. Na lile jina lililonifanya nishike kalamu halitajwi popote. Nimelitaja mara moja, mjini Dar es Salaam, ndani ya hoteli, watu wakila.

Lilikuwa jina la dada yangu.

Kwetu mtoto akizaliwa anapewa jina. Hilo ni jina la kuchezea vumbi, la kutumwa maji, la kuchapiwa. Siku anapotoka unyagoni anapewa jingine, na lile la kwanza linabaki porini pamoja na majivu ya kumbi, kile kibanda cha wali walichokichoma moto. Kuanzia hapo anayelitamka amemtukana mwenye jina. Ni kama amemvua nguo njiani na kuwaambia watu, huyu hajakua. Hata mama mzazi halitamki. Ukiteleza ulimi unalipa kuku, na mwenye jina ndiye anayeamua kama kuku huyo anatosha.

Mimi na dada tuliingia unyagoni pamoja, kwetu Mbekenyera. Yeye umri wake ulikuwa umefika, mimi bado kidogo, lakini mama alisema hana chakula cha ngoma mbili. Nikawa mdogo kuliko wali wenzangu wote. Kule ndani kungwi alipotuchosha kwa nyimbo na makofi, dada alikuwa akinishika kidole chini ya kaniki asione mtu. Tukatoka siku moja, tumepakwa mafuta, tunanuka karafuu, kila mmoja na jina jipya. Njiani kurudi nyumbani nilitaka kumwita, nikakosea, nikaanza lile la zamani. Silabi moja tu ilitoka. Alinikanyaga mguu. Alikanyaga haswa.

Baadaye mimi niliolewa Mtua, upande wa Nachingwea, nikawa mtu wa mikorosho na mbaazi. Yeye mumewe alipata kazi bandarini, wakahamia Dar es Salaam. Huko alifungua hoteli ya wali Kariakoo, meza zake chache na mabenchi, wapagazi na wauza nguo wakila kwake. Alipokuja nyumbani msibani alikuja na sauti kubwa ya mtu aliyezoea kuwapigia kelele wateja, na viganja vyekundu vya sufuria. Akikaa siku chache anaanza kusema, "Wateja wangu watakufa na njaa," anaondoka.

Mumewe akafa, hoteli akaifunga, akakaa kwa binti yake. Mwaka huu ufuta ulipokwisha kuvunwa, binti huyo akanipigia simu. Huyo ni mwanangu mimi pia, ananiita mama mdogo. Kwanza alisalimia kila kitu, mpaka mbuzi. Halafu akaja kwenye neno lenyewe.

"Mama mdogo, njoo. Mama hanijui tena. Ananiita wewe binti. Anasema, wewe binti, mwenye nyumba hii yuko wapi niage niondoke. Labda wewe atakujua."

Nikafunga mzigo. Korosho za kubangua, mbaazi, na ming'oko niliyoichimba mwenyewe kule msituni, nikaifunga kwenye kiroba chenye maji maji isinyauke. Ming'oko ni mizizi ya porini, ya kuchemsha na chumvi, chakula chetu cha utoto. Mtu akisahau yote, nilisema moyoni, hii haisahau. Basi likaondoka Nachingwea alfajiri, na mimi njia nzima nikawa nampangia dada yangu maneno ya kuniambia.

Nilimkuta amekaa kwenye kochi, safi, khanga imefungwa vizuri, nywele zimesukwa. Nikapiga magoti kama tulivyofundishwa.

"Shikamoo, dada."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mteja aliyetoka mbali.

"Chai imekwisha, mama," akasema. "Njoo kesho."

Binti yake akageukia ukutani. Mimi nikabaki na magoti yangu sakafuni, ile shikamoo haijaitikiwa.

Ming'oko aliila. Aliimenya kwa ukucha wa kidole gumba, akiizungusha vilevile kama alivyozungusha zamani, na maganda akayapanga mstari mmoja ukingoni mwa sahani. Vidole vilikuwa vya dada yangu kabisa. Nikamwuliza kwa Kimwera kama imeiva. Akaitikia kwa Kimwera kwamba imeiva, akanishukuru, akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia Mbekenyera. Akasema, "Nasikia ni mbali huko."

Kesho yake asubuhi, dada akiwa barazani anaota jua, mwanangu akanikalisha jikoni.

"Mama mdogo, hospitali wameniambia kitu. Ugonjwa huu unaanza kula ya jana, ya utotoni unayamaliza mwisho. Mama akiwa mtoto alikuwa anaitwa nani? Maana hili jina la sasa nikimwita hageuki."

Nikaendelea kupeta mchele.

"Au umesahau?"

"Mimi nisahau?"

"Basi tumwite hilo."

"Haliitwi, mwanangu."

Nikamweleza. Yeye alizaliwa mjini, alifundwa jioni moja kwenye ukumbi wa kukodi, pana muziki na keki, na kungwi mwenye kipaza sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, adabu anayo. Lakini mwisho sauti ikampanda.

"Kwa hiyo mama yangu anapotea namwona hivihivi, dawa unayo mdomoni, na umeufumba kwa sababu ya kuku?"

"Si kwa sababu ya kuku."

"Kwa sababu ya nini?"

Sikuwa na maneno mazuri siku ile. Nilisema tu, "Dada yangu ni mtu mzima." Leo nina nafasi ya kulieleza. Dada yangu alikuwa anaogeshwa. Analishwa kijiko. Mlango unafungwa kwa ufunguo asitoke. Kila siku ugonjwa unamwambia, wewe ni mtoto. Alipigiwa ngoma usiku kucha, akalala chini, akazaa, akazika, akalisha watu ili asiitwe mtoto. Nami mdogo wake, niliyeshikwa kidole naye, ndiye niende nikamwambie ugonjwa una haki?

Mwanangu akafuta machozi kwa mgongo wa mkono.

"Daktari alisema pia tumtembeze," akasema. "Tumpeleke alikozoea. Aone vitu vya zamani, ale alichopenda. Kazi ndiyo inanibana, nikawa nasogeza siku."

"Tumtembeze kwanza."

"Na akikosa kote kukumbuka?"

Nikatikisa ungo.

"Mama mdogo, akikosa kote?"

"Nitamwita," nikasema. Mchele wote ulikuwa umekwisha kupetwa, nikawa napeta ungo mtupu.

Jumamosi akakodi gari. Dada tukamweka mbele apate upepo. Hivyo ndivyo mimi, mtu wa Mtua, nilivyouona mji mkubwa: kwa kumtazama dada yangu shingo kwa nyuma, nione kama itageuka.

Tulianzia nyumba ya makumbusho, maana alikuwa akiwapeleka wanawe huko kila Idi, amewavika viatu vipya. Ni mahali pa utulivu, kuna miti, na ndani watu wanasema polepole kama wako msibani. Na kweli ni msibani. Kuna mifupa ya kichwa ya mtu wa kale sana. Mwanangu akanisomea jina walilompa. Ni la wataalamu. La kwake mwenyewe, alilokuwa anaitwa na mama yake ugali ukiwa tayari, hakuna anayelijua. Nikamsomea Fatiha kimoyomoyo. Haitamdhuru.

Chumba kingine kilikuwa na picha za vita vya Maji Maji. Wanaume wamesimama mstari, minyororo shingoni, wanamtazama mpiga picha. Bibi yetu mzaa mama alisikia habari hizo kwa mama yake, namna walivyokimbia na watoto mgongoni, wakaishi kwa kuchimba ming'oko, mtoto akilia anazibwa mdomo kwa titi. Nilizitazama sura zile kwa muda mrefu, mmoja mmoja, nione kama kuna pua ya kwetu. Mmoja alikuwa nayo. Nilimwuliza mwanangu kama wameandika ni nani. Hawakuandika. Nikatamani kumpa hata jina la kuazima.

Dada alikuwa ametangulia. Tukamkuta amesimama mbele ya kabati la kioo, ameinama. Ndani kulikuwa na ndonya, kile kigogo cha mti cha mviringo ambacho wanawake wa zamani walivaa kwenye mdomo wa juu. Bibi yetu alikuwa nayo. Akicheka ilikuwa ikipanda mpaka puani, nasi watoto tunamchekesha makusudi. Dada akainua kidole, akakiweka juu ya mdomo wake, palepale, akabonyeza.

Mwanangu akanishika mkono, kucha zikaniingia.

Nikasogea. "Unamkumbuka bibi?" nikamwuliza kwa Kimwera.

"Bilauri hizi," akasema, "nani kaziacha chafu namna hii?" Akashika ncha ya khanga yake, akaanza kufuta kile kioo, kwa juhudi, kona kwa kona. Mlinzi wa pale alikuja, akamwona, akasimama tu, mikono nyuma, mpaka akamaliza.

"Asante, bibi," mlinzi akasema. "Sasa kinang'aa."

Huyo Mungu ambariki.

Kutoka pale tukaenda soko la vinyago, Mwenge. Dada akiwa na hoteli yake alikuwa na mteja mchongaji, na ukutani kwake kilining'inia kinyago cha mpingo miaka yote. Pale kuna vibanda vingi, na watu wamekaa chini wanachonga, vumbi jeusi limewajaa mapajani. Mmoja, Mmakonde wa makamo, alinisikia nikimwambia dada angalia kisiki, akainua kichwa.

"Lafudhi hiyo naijua. Kusini wapi, mama zangu?"

"Ruangwa. Mbekenyera."

"Wamwera! Jamani, watani wangu wamekuja!" Akaweka tindo chini. "Mmetoka nyumbani mmeshiba au nitafute chakula? Najua Mmwera akisafiri anabeba mbaazi, akifika anadai wali."

"Na Mmakonde akibeba fungu la nyama hatuliulizi," nikamwambia. "Tunaogopa kuliona lina mkia."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaangusha kazi. Hata mwanangu alicheka, mara ya kwanza tangu nifike. Nikamtupia jicho dada. Alikuwa ametabasamu, lakini kwa ajili ya kelele tu, kama mtoto mchanga anavyotabasamu.

Yule mchongaji akaona. Akaacha utani palepale. Akamletea dada kiti, akampa kinyago kikubwa akishike: watu wengi wamepandana kwenye gogo moja, huyu amembeba huyu, mwingine amechungulia kwapani, mpaka juu.

"Papasa, bibi. Mkono unaona kuliko macho."

Dada akapapasa. Mikono ikashuka na kupanda kwenye vile vichwa.

"Huyu nani?" akauliza.

"Hana jina, bibi. Ni kinyago."

"Na huyu?"

"Naye hana."

"Na huyu?"

Aliuliza kila kichwa. Yule mtu alijibu kila kichwa, hakuchoka. Mwishowe dada akamrudishia kinyago chake kwa mikono miwili. "Maskini," akasema. "Wengi hivyo."

Tukarudi ndani ya gari. Palibaki mahali pamoja tu, Kariakoo. Nilikuwa nasali paendelee kuwa mbali.

Mtaani kwa dada nilifika zamani, nilipoletwa mjini kutibiwa jicho. Nilikuwa nakumbuka nyumba za chini zenye baraza, mabati yenye kutu, na wanawake wanaokaanga mihogo mlangoni. Sikuona hata moja. Ghorofa zimesimama zimebanana, nguo zimetundikwa mpaka juu, na watu kama siafu waliokanyagwa. Pale ilipokuwa hoteli ya dada pana jengo refu, na chini yake hoteli nyingine, kubwa, yenye vigae na feni na picha za vyakula ukutani zinazowaka taa. Nilijua ni palepale kwa sababu ya msikiti wa jirani, mnara hawakuuhamisha.

Tukaingia. Msichana wa kuhudumia akatukaribisha vizuri. Mwanangu akaagiza alivyokuwa akipika mama yake: wali wa nazi, samaki wa kukaanga, maharage, na mchicha. Chakula kikaja, harufu ikajaa. Akamnawisha mama yake, akachota kijiko, akakisogeza.

"Mama, onja. Wali wako."

Dada akafunga mdomo. Kijiko kikarudi, kikaenda tena. Punje zikamwangukia kifuani.

"Mama, tafadhali."

Dada akasimama. Tulidhani anataka msalani. Kumbe alikuwa ameona meza chafu. Akaenda, akakusanya sahani, akazipandanisha mkononi kwa ustadi, akaifuta meza kwa khanga yake. Akaenda ya pili. Ya tatu alikuwa amekaa mwanamume anayekula. Dada akamchukulia sahani mbele ya mkono.

"Bibi! Bibi, samaki wangu huyo, bado nakula!"

Watu wakaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, mtu anacheka akiona jambo. Msichana wa hoteli akamfuata anasema, "Bibi, acha tu, nitatoa mimi," naye dada akamwambia achangamke, wateja wanangoja, kazi ya uvivu haitaki. Wakacheka zaidi. Upande wa dirishani kijana mmoja akanyanyua simu yake amchukue picha.

Hapo ndipo nilipoona. Nilikuwa nimelinda kinywa changu ili dada yangu asivuliwe nguo mbele ya watu. Na tazama, amekwisha kuvuliwa, mimi nimekaa na heshima yangu na kijiko.

Nikainuka. Nikamfikia, nikamgusa kiwiko.

"Chai imekwisha, mama," akasema bila kunitazama. "Njoo kesho."

Nikasogeza mdomo sikioni mwake. Lilikuwa halijapita ulimini mwangu tangu siku ile ya kukanyagwa mguu. Nikalitamka lote, chinichini, kwa sauti ya kwetu, namna mama alivyokuwa akimwita kutoka kisimani.

Sahani zikaacha kugongana.

Akaziweka mezani, moja juu ya moja, polepole. Akageuka. Nimeishi na macho yale tangu nazaliwa, na sikuwa nimeyaona tangu nifike mjini. Yalikuwa ya mtu anayejua anamtazama nani, na hasira inampanda.

"Wee!" akasema kwa Kimwera. "Mdomo huo umeuokota wapi?"

"Nisamehe, dada."

"Mimi? Mwenye wajukuu? Mbele ya watu wanakula?"

"Nisamehe."

Akaniita. Akaniita jina langu, lile la unyagoni. Hakuna aliyebaki duniani wa kuniita hilo. Kwa wote mimi ni bibi, au mama fulani. Angeweza kulipiza kwa kuniita lile langu la vumbi, alilijua. Hakulipiza. Alilitaja la heshima, akalitaja sawasawa, mpaka mwisho wake.

"Kuku," akasema. "Tena jike, anayetaga. Usiniletee kifaranga chenye kinyesi mkiani."

"Nitaleta."

"Wa bandani kwako. Si wa kununua."

"Wa bandani kwangu, dada."

Akamrudishia yule mwanamume sahani yake. "Samahani, baba, endelea na chakula," kwa Kiswahili, kwa ile sauti yake ya hotelini. Yule mwanamume akasema hakuna tabu, mama. Yule kijana alikuwa ameishusha simu mezani. Dada akarudi mezani petu anatembea wima, akamkuta binti yake amejifunika uso.

Akamwita kwa jina lake.

"Mbona unalia juu ya chakula? Kula, wali unapoa."

Mwanangu akavuta sahani. Alimeza wali ule na machozi, kama mtoto aliyeamrishwa, na mimi pia nilikula, ingawa sijui ulikuwa na ladha gani. Dada alikula kwa mkono wake mwenyewe. Alimega matonge vizuri. Akasema nazi wameionea huruma, na samaki amekaangwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda ngomani. Akaniuliza mkorosho wa mama ulio nyuma ya nyumba, kama bado unazaa. Nikamwambia unazaa upande mmoja.

"Mama hajambo?"

Mama tulimzika pamoja, mimi na yeye. Nikaweka tonge chini.

"Amepumzika, dada."

Akanitazama. Akatikisa kichwa, taratibu. "Alichoka," akasema.

Kisha msichana akaleta chai ya tangawizi, vikombe vitatu, mvuke unapanda. Nikamsogezea dada chake. Akakishika kwa viganja viwili, akaangalia mlangoni, akaangalia ukuta wenye picha zinazowaka. Aliponirudia mimi, yale macho yalikuwa yamekwenda. Akaniinamia kwa upole, kwa huruma ile ile.

"Pole, mama. Chai imekwisha."

Mwanangu akanisihi kwa macho nimwite tena. Nikakataa kwa kichwa. Alichukua kitambaa, akampangusa mama yake punje za wali kifuani, moja moja, nasi tukakaa mpaka chai ikapoa.

Nimerudi Mtua. Majirani walidhani sitamlipa mtu asiyekumbuka. Shemeji yangu mmoja aliniambia waziwazi, faini bila mdai ni kuku wa bure. Nikamwambia mdai yupo, ana jina lake, na mimi nimelivunja. Nikachagua kuku wangu wa madoadoa, yule anayetaga na kulea. Nikamtengenezea tenga, nikaweka mahindi na kikopo cha maji, nikampeleka stendi ya Nachingwea.

"Bibi, huyu abiria anaketi wapi?" kondakta akaniuliza.

"Popote penye hewa. Huyu anakwenda kesini."

"Akishindwa kesi?"

"Ameshashindwa. Mpeleke tu."

Alifika salama. Jioni simu ikalia, ni mwanangu. Alisema kuku wamemfungua barazani, na mama yake ametoka kumwona. Amemshika mbawa, akampima uzito mkononi, akatazama macho, akatazama chini ya mkia. Akauliza kaletwa na nani.

"Nikamwambia na mdogo wako, wa Mtua. Akampima tena, mama mdogo. Halafu akaniuliza, 'Alikosa nini?'"

Nilikuwa nimesimama uani, banda lina nafasi moja wazi.

"Ukamjibuje?"

"Sijamjibu. Nimekupigia wewe. Yupo hapa, amempakata."

Nikamwambia amwekee simu sikioni. Nikasikia pumzi yake, na kuku akilalamika kidogo kidogo.

"Shikamoo, dada," nikasema. "Nilikosa adabu. Kuku ndiye huyo. Anatosha?"

Kuku akapiga mbawa, kisha akatulia.

"Marahaba," akasema. "Anatosha."